Somo la Sita: Kumpokea Mbwa Aliyeachwa na Mwenyewe



Masomo yaliyotangulia katika kijitabu hiki yamehusu mizani, risiti, lebo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Somo hili linahusu kiumbe ambaye mara nyingi hana bei wala risiti: mbwa anayetolewa bure. Tumeona vyema kulitia humu kwa sababu mbili. Kwanza, mbwa wa bure huhitaji chanjo, dawa na matibabu, na hizo ni bidhaa na huduma zenye kununuliwa, zenye viwango, na zenye kuweza kumdhuru mtu zikiwa hafifu. Pili, sisi wenyewe tunaoandika maelezo haya tuliwahi kumpokea mbwa wa namna hiyo pale Kilwa Masoko, tukafanya kosa ambalo tusingependa msomaji alirudie.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza:
(a) kutaja maswali ya kuuliza kabla ya kumpokea mbwa;
(b) kusoma cheti cha chanjo na kutambua kasoro zake;
(c) kueleza hatua za kuchukua mbwa anapomuuma mtu, na
(d) kumkabidhi mbwa kwa mtu mwingine kwa utaratibu ulio salama.

1. Mbwa walioachwa hupatikana wapi?

Katika baadhi ya miji ya Afrika Mashariki vipo vituo vinavyohifadhi wanyama walioachwa. Nairobi kuna KSPCA, Usa River mkoani Arusha kuna Mbwa wa Africa, na Unguja kuna ZAASO. Mtu anayekwenda katika kituo cha aina hii hukuta mnyama aliyekwisha kuchunguzwa, na huulizwa maswali kabla ya kukabidhiwa.

Kilwa Masoko mambo huenda kwa njia nyingine. Hapa mbwa hupita mkono kwa mkono. Mtumishi akihamishwa kikazi humwachia mlinzi. Nyumba ya wageni ikifungwa, mbwa wake hubaki ufukweni wakigombania vichwa vya samaki. Mfugaji akihama na ng'ombe wake, mbwa mmoja mgonjwa hubaki nyuma. Tangu miaka ya 2006 na 2007, wafugaji wengi walipohamishiwa mikoa ya kusini kutoka bonde la Usangu, idadi ya watu wanaotegemea mbwa kwa ulinzi wa mifugo wilayani Kilwa imeongezeka. Wakulima nao huwahitaji mbwa kwa ajili ya nguruwe pori wanaofukua mihogo na ngedere wanaovamia miembe. Kwa hiyo mbwa wa kupewa hakosekani. Kinachokosekana ni mtu wa kati wa kumuuliza, na kwa sababu hiyo maswali yote humwangukia anayepokea.

2. Mfano: Mbwa aliyeitwa Tutaona

Tulipopangiwa kazi ukanda wa kusini, wawili kati yetu tulipanga nyumba moja Kilwa Masoko, si mbali na ufuko wa Jimbizi. Aliyeishi humo kabla yetu alikuwa amehama, na nyuma ya nyumba alimwacha mbwa dume wa rangi ya kahawia, sikio moja limechanika. Jina lake lilikuwa Tutaona. Wenye kufahamu desturi za kwetu wanajua kwamba mbwa hupewa jina la kuwafikishia ujumbe majirani. Ni dhahiri kwamba mwenyewe wa kwanza alikuwa na neno na mtu.

Aliyekuwa akimlisha alitukabidhi kamba, sufuria moja na cheti cha chanjo. "Huyu ana karatasi zake zote," alisema. Tulifurahi. Tulikipokea cheti kile, tukaona muhuri na sahihi, tukakitia katika droo.

Wiki ya tatu, mjukuu wa jirani yetu, mtoto wa miaka saba, aliingia uani kufuata mpira wake. Tutaona alikuwa akila. Mtoto alinyosha mkono karibu na sufuria, na kufumba na kufumbua jino lilikuwa limepasua ngozi ya kifundo cha mkono. Jeraha lilikuwa dogo, damu kidogo tu. Mtu mmoja alishauri tutie kahawa ya unga, mwingine pilipili. Bibi wa mtoto aliwanyamazisha wote, akashika mkono wa mjukuu wake chini ya bomba, na tukaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Kisha tukampeleka hospitali.

Mhudumu wa afya alituuliza kama mbwa amechanjwa. Tulikitoa cheti kwa kujiamini. Alikisoma polepole, akakigeuza, kisha akatuuliza, "Mbwa wenu ni jike?"

Cheti kilikuwa cha mbwa jike, mweusi. Jina la chanjo halikuandikwa. Nafasi ya namba ya toleo ilikuwa tupu. Sisi ambao kazi yetu ni kuwafundisha wananchi kusoma lebo tulikuwa tumeishi na karatasi ile wiki tatu bila kuisoma zaidi ya muhuri wake.

Mtoto alianza kuchanjwa siku ile ile na akamaliza dozi zote alizopangiwa. Gharama tulizibeba sisi, kama ilivyostahili. Mbwa alifungwa mahali salama ili aangaliwe kwa siku 10. Siku hizo zilikuwa ndefu. Kila asubuhi tulikwenda kwa jirani kumjulia hali mtoto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mtoto kalala salama. Na huyo wenu, kala?"

Hatukuelewa mara moja kwa nini mtu aliyeumiziwa mjukuu aulize kama mbwa amekula. Baadaye tulifahamu kwamba yule mama alijua jambo tulilopaswa kulijua sisi: mbwa mwenye kichaa, virusi vikishaanza kutoka katika mate yake, huugua na kufa ndani ya siku chache. Mbwa anayekula na kunywa vizuri mpaka siku ya kumi huwa hakuwa na virusi katika mate siku aliyouma. Swali lake la kila asubuhi lilikuwa swali la uhai wa mjukuu wake.

Tutaona alikula siku zote kumi. Siku ya kumi na moja tulimwita afisa mifugo, akamchanja mbele ya macho yetu, na cheti kipya tukakisoma neno kwa neno kabla ya kulipa.

3. Kwa nini cheti cha chanjo ni jambo la uhai

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi unaoshambulia ubongo. Inakadiriwa kwamba huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Mtu akiumwa, dalili kwa kawaida hujitokeza baada ya miezi miwili au mitatu, ingawa zinaweza kuja ndani ya wiki chache au kuchelewa hadi mwaka. Dalili zikishaanza, takriban hakuna anayepona. Lakini kabla hazijaanza, chanjo huzuia. Hilo limejulikana tangu Julai 1885, Louis Pasteur aliposimamia kuchanjwa kwa mtoto Joseph Meister mjini Paris.

Njia ya gharama nafuu zaidi ya kuwalinda watu ni kuwachanja mbwa wenyewe. Wataalamu hulenga kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo ili maambukizi yakatike. Mkoa wa Lindi una historia katika jambo hili: kuanzia mwaka 2010, wilaya 28 za kusini-mashariki mwa Tanzania, pamoja na kisiwa cha Pemba, ziliingizwa katika mpango mkubwa wa kuchanja mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani. Pemba ilionyesha faida ya kuchanja na hatari ya kulegea: maambukizi yalikatika, virusi vikaingia upya, na ikabidi kampeni irudiwe mpaka vikaondoka tena.

Kwa hiyo cheti cha chanjo hakilingani na karatasi ya mapambo. Cheti kamili kiwe na mambo yafuatayo:

1. Jina la mwenye mbwa na mahali anapoishi.
2. Maelezo ya mbwa: jinsi, rangi, umri na alama ya kumtambulisha. Linganisha maelezo haya na mbwa aliye mbele yako.
3. Jina la chanjo, mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mara nyingi kibandiko cha chupa hubandikwa katika cheti.
4. Tarehe aliyochanjwa na tarehe ya kurudia.
5. Jina na sahihi ya mtaalamu aliyechanja, pamoja na namba yake ya usajili.

Wataalamu wa fani hii husajiliwa au kuandikishwa na Baraza la Veterinari Tanzania, na dawa na chanjo za mifugo husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mlaji ana haki ya kuuliza na kuonyeshwa. Mtaalamu wa kweli hachukii kuulizwa.

Jambo jingine ni ubaridi. Chanjo nyingi za kichaa cha mbwa hutakiwa kutunzwa katika nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi. Katika joto la pwani, chupa iliyosafirishwa mfukoni au kuachwa juu ya meza ya duka inaweza kupoteza nguvu huku ikionekana nzima. Omba kuona chupa ikitolewa katika jokofu au kasha lenye barafu. Chanjo rahisi iliyopoteza nguvu ni ghali kuliko zote, kwa kuwa hukupa imani bila kukupa kinga. Ukiwa na shaka juu ya cheti ulichopewa, mhesabu mbwa kuwa hajachanjwa na umchanje upya. Kurudia chanjo hakumdhuru mbwa mwenye afya.

4. Gharama za mbwa wa bure

Kabla hujasema ndiyo, andika gharama hizi na uulize bei zake kwa afisa mifugo wa kata yako: chanjo ya kichaa cha mbwa, chanjo ya magonjwa mengine, hasa parvo kwa watoto wa mbwa, dawa za minyoo kila baada ya miezi michache, dawa za kupe na viroboto, kuhasiwa, banda, mkanda wa shingo na kamba, na chakula cha kila siku.

Kuhusu kuhasiwa, mlaji akumbuke kwamba mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63 tu. Anayepokea jike asiyehasiwa bila mpango huenda, kabla ya mwaka kwisha, akawa anatafuta watu sita au saba wa kuwapa watoto wa mbwa. Hivyo ndivyo idadi ya mbwa walioachwa inavyoongezeka.

Kuhusu chakula, ugali wa dona na dagaa hufaa, lakini dagaa waliochemshwa kwa chumvi walowekwe kwanza na maji yamwagwe. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, isitolewe. Vichwa na matumbo ya samaki yachunguzwe kama yana ndoana. Asiachwe kuzurura panapomwagwa samaki waliokataliwa, kwa maana bunju ana sumu inayoua mbwa kama inavyoua binadamu.

5. Siku za mwanzo

Watu wanaowahudumia mbwa walioachwa wana kipimo chao: siku tatu za woga, wiki tatu za kuzoea, miezi mitatu ya kujiona yuko kwake. Kipimo hiki si sheria, lakini kinasaidia kuwa na subira. Katika siku hizo mpe mahali pamoja pa kulala penye kivuli, mlishe saa zile zile, na usiruhusu watoto wamsogelee akila au akilala. Kama tungalizingatia jambo hili la mwisho, mtoto wa jirani asingeumwa.

Tutaona alitufundisha pia kwamba mbwa aliyeachwa huja na kumbukumbu ambazo hazimo katika cheti chochote. Kila tulipoinua ufagio, alilala chini na kufumba macho. Hatukumwuliza aliyetukabidhi, na pengine hata yeye hakujua, lakini ni wazi kwamba ufagio ule alikwisha kuukuta mahali pengine. Tulianza kufagia uani yeye akiwa upande wa pili. Ilipofika mwezi wa tatu alikuwa akitufuata nyuma na kulalia mahali palipokwisha kufagiwa.

Hapa ndipo panapoingia sheria. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze na inakataza ukatili. Kanuni inayokubalika duniani hutaja uhuru wa aina tano: asiwe na njaa wala kiu, asikae katika adha, asiwe na maumivu, jeraha au ugonjwa usiotibiwa, aweze kuonyesha tabia zake za asili, na asiishi katika hofu na mateso. Kumwacha mbwa amefungwa mchana kutwa juani bila maji ni kumnyima uhuru huo, hata kama hajapigwa.

6. Mbwa, jirani na imani

Wengi wa majirani zetu Kilwa Masoko ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi inayotakiwa kuoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Dini hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba. Mwenye mbwa anapaswa kulijua hili na kuliheshimu, awe na imani ipi. Mbwa asizurure nyakati za watu kwenda msikitini. Asifike penye mikeka, ndoo za maji wala nguo zilizoanikwa. Na vyombo vyake visichanganywe na vya nyumbani.

Baada ya mkasa ule tuliinua ua kwa miti na makuti, tukaweka mlango. Hatukuombwa kufanya hivyo. Miezi kadhaa baadaye, ngedere walipoanza kuvamia mwembe wa bibi, tulimfunga Tutaona kamba ndefu upande ule wa ua. Akibweka mara mbili, ngedere hutoweka. Asubuhi moja tulichelewa kumtoa, na bibi akaita kutoka ng'ambo: "Leo mwenzenu kaenda likizo?"

7. Mbwa akimuuma mtu

1. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usitie pilipili, kahawa, mafuta wala majani.
2. Nenda kituo cha afya siku ile ile, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Usisubiri kuona mbwa atakuwaje.
3. Maliza dozi zote ulizopangiwa. Dozi moja haitoshi.
4. Mbwa asiuawe wala kufukuzwa kama anaweza kufungwa kwa usalama. Aangaliwe kwa siku 10, na afisa mifugo ajulishwe. Mbwa akitoweka, taarifa muhimu hutoweka naye.
5. Mwenye mbwa asijifiche. Kufika kwa jirani mapema ni sehemu ya huduma ya kwanza.

8. Kumkabidhi mwingine

Barua ya uhamisho ilipotufikia, tulijikuta mahali alipokuwa yule mtumishi wa kwanza: tuna mbwa, hatuna namna ya kusafiri naye, na siku zinahesabika. Mtoto wa kiume wa bibi, mwenye shamba la mihogo na mahindi upande wa Nangurukuru, alisema anamhitaji kwa ajili ya nguruwe pori.

Safari hii hatukutoa kamba na sufuria peke yake. Tuliandika hati ya makabidhiano ya ukurasa mmoja: jinsi, rangi na sikio lililochanika, tarehe ya chanjo na ya kurudia, dawa za minyoo alizopewa, chakula alichozoea, kwamba aliwahi kumuuma mtoto wakati akila, na kwamba anaogopa ufagio. Tulitia sahihi pande zote mbili, kila mmoja akabaki na nakala. Mpokeaji aliisoma, akasimama katika mstari wa ufagio, akacheka kidogo, kisha akasema, "Shambani ufagio hamna."

Tunamshauri mlaji adai hati ya namna hii anapopokea mbwa, na aitoe anapomkabidhi. Anayeficha kwamba mbwa aliwahi kuuma anamnyima mwenzake haki ya kupata taarifa na haki ya usalama, na haki hizo hazipotei kwa sababu mali imetolewa bure.

Maswali ya kujipima

1. Taja mambo matano yanayopaswa kuwamo katika cheti cha chanjo ya mbwa. Katika mfano wetu, yepi yalikosekana au kukosewa?
2. Kwa nini mbwa aliyemuuma mtu huangaliwa kwa siku 10 badala ya kuuawa papo hapo?
3. Jirani yako amekuletea mbwa na kukuambia, "Huyu ana karatasi zake zote." Utamuuliza maswali gani kabla ya kumpokea?
4. Kama unafuga mbwa, kitafute cheti chake leo, ukisome mbele yake mpaka mwisho. Je, ni yeye?